AC ya Peugeot 504 kwenye joto la Mombasa: gesi huja mwisho

*"Assalaam aleikum fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 504 saluni ya mwaka 1980, petroli, kabureta. Chini ya dashibodi kuna AC ya kizamani iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza. Feni yake inapuliza lakini upepo ni wa moto. Kila Jumapili nampeleka mama kutoka Kisauni hadi Ukunda, na foleni ya feri pale Likoni inamtesa, maana ana presha. Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza anasema nijaze gesi tu, na niwe najaza kila mwaka. Wa pili anataka ning'oe yote nifunge ya Toyota Probox ya mtumba. Wa tatu amenionya kwamba injini ya zamani haibebi AC, itachemsha ife. Na kweli, hata sasa mshale wa joto unapanda tukiwa kwenye foleni. Dashibodi ya baba sitaki ikatwe. Nifanyeje?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Unauliza mambo mawili: kama 504 inaweza kubeba AC bila kuumia, na kama ile ya chini ya dashibodi yafaa kufufuliwa. La kwanza, inaweza. La pili, sehemu yake yafaa, si yote. Lakini katika maneno yako yote lililonigutusha ni lile la mshale wa joto. Gari linalopanda joto bila AC halifungwi AC mpaka limetibiwa, na fundi asiyekuuliza habari ya rejeta kabla ya kukutajia bei ya gesi anakuanzishia kazi mkiani.

Wengi hudhani AC inatengeneza baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu yale yanayopenya kwenye udongo hugeuka mvuke, na kila yanapogeuka huondoka na joto la maji yaliyobaki. Kwenye AC kazi hiyo inafanywa na gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba. R134a, inayotumika kwenye magari mengi tangu miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa kwenye hewa ya kawaida. Inaingia kwenye koili ya chini ya dashibodi ikiwa majimaji ya presha ndogo, inachemka humo, inachukua joto la mle ndani. Kompresa inaivuta na kuikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, kisha inaisukuma kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Pale inalitema joto na kurudi kuwa majimaji, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu na kuchuja taka, halafu valvu inaishusha presha tena kabla ya kuingia kwenye koili.

Itazame vizuri hiyo kondensa. Joto lote lililotolewa kwa mama, pamoja na la kazi ya kompresa yenyewe, linatokea pale mbele ya rejeta. Upepo unaoifikia rejeta yako utakuwa umeshapashwa moto tayari. Mombasa mwezi wa Februari na Machi hewa hufika nyuzi 32 au 33, na juu ya lami ya foleni, katikati ya malori, huwa zaidi ya hapo. Unyevu nao una gharama: sehemu kubwa ya nguvu ya AC huku pwani inaishia kwenye kuukamua unyevu wa hewa uwe maji. Ndiyo maana gari lenye AC nzima hudondosha maji mengi chini likiegeshwa hapa kwetu. Ukiyaona siku moja usishtuke, ni dalili njema.

Sasa tumsikilize fundi wako wa kwanza. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ile ile miaka na miaka. Ikipungua, imevuja, na palipotoka gesi pametoka pia oili inayolainisha kompresa, na pameingia hewa na unyevu. Kujaza kila mwaka bila kutafuta tundu ni kununua kompresa mpya kwa mkopo. Tena AC ya 1980 ilitengenezwa kwa gesi ya R12, ile inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa mpaka mwaka 2010 kuiacha. Kwa hiyo muulize anataka kukujazia nini. Akisema R134a juu ya mabomba na oili za zamani, jua kwamba oili ile ya asili ya R12 haichanganyiki na R134a. Itabaki imelala kwenye kona za mabomba na kompresa itasagika ikiwa kavu. Mipira ya zamani (mabomba ya mpira) nayo haiizuii R134a, inapenya taratibu kwenye kuta zake hata kama viungo vyote vimekazwa.

Wapo wanaojaza gesi ya kupikia. Nitalisema hili bila kuzunguka: inapoza, na inapoza vizuri, ndiyo maana imepata wateja. Lakini koili yako iko mle ndani, karibu na magoti ya mama. Ikipasuka, gari lililofungwa vioo linajaa gesi inayowaka, na cheche moja ya swichi ya feni inatosha. Gari halikutengenezwa kwa jambo hilo, usilikubali hata kwa bure.

Na kwa kuwa tunakaa mji wa bandari, tahadhari na mitungi ya bei ya kutupa. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua wafanyakazi Vietnam na Brazil. Yalikuwa yamejazwa gesi bandia iliyouzwa kama R134a, ndani yake mna kemikali ya R40 inayokula alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Nunua mtungi uliofungwa, kwa mwenye duka unayeweza kumrudia na risiti.

Fundi wa tatu ana hofu ya kweli, ila amelaumu kitu kisichohusika. Injini ya 504 ina nguvu za farasi 80 hadi 90 na kitu, kutegemea kama ni ya lita 1.8 au 2.0. Kompresa ya kiasi huchukua farasi kama 3 hadi 5. Utausikia mlima wa Mazeras ukiwa umejaza watu, na gari likisimama bila kukanyaga mafuta injini itatetemeka na kutaka kuzima. Dawa yake ni kivutio kidogo cha vakyumu kinachosukuma mkono wa kabureta AC inapowaka, ili mzunguko usishuke. Hakuna injini inayokufa kwa hilo. Inayokufa ni ile iliyokuwa tayari na rejeta iliyoziba, na yako, kwa ulivyoeleza, yaelekea ni mojawapo.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata nati moja ya AC, peleka rejeta kwa fundi wa rejeta aifungue na kuisugua mirija, au aweke kiini kipya ikiwa imeoza. Muulize mzee yeyote wa nyumbani gari lilikuwa linaongezwa maji gani. Visima vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi, na magari mengi ya wazee wetu yamenyweshwa maji hayo miaka mingi. Ukifungua mfuniko ukakuta ukoko wa rangi ya kutu na chokaa shingoni, ukoko huo huo umo ndani ya mirija na ndani ya injini. Baada ya kusafisha, tumia maji yaliyochujwa chumvi pamoja na kulanti, basi. Badilisha mfuniko wa rejeta, na uhakikishe thamostati ipo, ile valvu inayoyazuia maji mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi huku huing'oa wakidhani wanasaidia. Maji hukosa kizuizi, yanapita mbio kwa njia ambayo haikupangwa, na wakati mwingine joto ndilo linazidi kwenye foleni.

504 ina jambo lake moja ambalo mafundi wa magari ya Kijapani hawalijui: feni ya injini haizunguki muda wote. Ina klachi ya sumaku inayoikamata maji yakipata moto, na kuiachia yakipoa. Swichi yake ya joto ikifa, au kaboni inayopeleka umeme ikiisha, feni inazunguka kivivu tu kwa msuguano, na ukitazama kwa haraka utadhani inafanya kazi. Washa injini, iache ipate moto, usikilize. Ikikamata, mvumo hubadilika ghafla na upepo unausikia usoni ukisimama pembeni. Kama huusikii, huenda ndiyo siri yote ya mshale wako kwenye foleni. Mikono na kanga mbali na feni wakati wa kujaribu.

Jaribio jingine la bure: siku moja pitia barabara ya Dongo Kundu, isiyovuka kwa feri, badala ya Likoni. Kama mshale unatulia gari likienda kwa kasi na kupanda likisimama Likoni, upungufu uko kwenye upepo wa feni. Ukipanda hata kwenye mwendo, rejeta imeziba au maji hayazunguki. Kipimo hicho hicho utakitumia baadaye kwa AC: baridi Dongo Kundu, vuguvugu Likoni, maana yake kondensa inakosa upepo, wala usikimbilie gesi.

Gari likishatulia, turudi kwa fundi wa pili na Probox yake. Simlaumu, spea za mtumba za Japani ni nyingi mjini na bei zake ni nzuri. Lakini kompresa ya Probox imetengenezwa ishikwe na masikio ya injini yake, na puli yake ni ya mkanda mpana wa mifereji, hali 504 inatumia mikanda ya pembe. Utachongewa brakketi (chuma cha kuishikilia), utabadilishiwa puli, na mkanda usiponyooka sawasawa utajila wenyewe na kupiga kelele. Koili yake haiingii popote bila kukata dashibodi, jambo ambalo umeshalikataa, nami nakuunga mkono. Na kitu cha mtumba kilichokaa dukani midomo wazi kimevuta unyevu wa pwani miezi. Kondensa ya mtumba naweza kuivumilia, kompresa kwa mashaka. Draya ya mtumba, usiiguse kabisa: dawa yake ya kunyonya unyevu imeshashiba.

Mimi ningefanya hivi. Kasha la chini ya dashibodi libaki, kwa sababu linafaa gari na mzee alilizoea. Lishushwe, lisafishwe, koili yake ipimwe kwa naitrojeni ikiwa imezamishwa ndani ya maji. Ikitoa mapovu, tafuta koili mpya ya kipimo hicho badala ya kuitia viraka. Valvu ya presha mpya. Kompresa mpya ya aina ya Sanden 508 au inayolingana nayo, ambayo hutengenezwa na puli za mikanda ya pembe na hufungwa kwa brakketi. Injini ya 504 imelazwa nyuzi 45 upande mmoja, kwa hiyo boneti ina nafasi ya kupumua, ila brakketi iwe ya chuma kinene na mkanda upimwe kwa rula. Mipira yote mipya ya aina yenye ngozi ya ndani inayozuia R134a, na pete za mpira zinazofaa gesi hiyo. Draya mpya, ifunguliwe mifuniko yake dakika ya mwisho kabisa.

Kondensa ndiyo nisingebana pesa. Ile ya zamani ya bomba moja linalojikunja ilitosha kwa R12. Kwa R134a, na kwa joto letu, weka mpya ya mirija bapa sambamba, kubwa kadiri uso wa rejeta unavyoruhusu, na feni yake ya umeme yenye kuwaka kila AC inapowaka. Ziba mianya ya pembeni kwa sponji ili upepo usikwepe. Weka pia swichi ya presha inayozima kompresa ikipanda kupita kiasi au gesi ikiisha. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, nacho ndicho kinachookoa kompresa siku feni imekufa ukiwa hujui.

Umeme usiudharau. Alteneta za enzi zile zilipangiwa taa, waipa na redio. Feni ya kondensa, feni ya ndani na klachi ya kompresa kwa pamoja zinaweza kuvuta ampea 25 hadi 30. Usiku, mvua, taa zote na waipa, betri itashindwa. Pata alteneta ya ampea 65 au zaidi, na kila feni ipate waya wake kutoka betri wenye fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa. Kupitisha mzigo huo kwenye swichi ya zamani ya dashibodi ni kuwasha moto nyuma ya redio.

Kabla ya kujaza, fundi lazima atoe hewa kwa pampu ya vakyumu, dakika 45 si nyingi kwa mfumo uliokaa wazi pwani. Unyevu uliobaki huganda kwenye valvu na kuunda asidi inayokula alumini. Simama naye. Mshale wa geji ya bluu, ile ya upande wa presha ndogo, ushuke karibu na inchi 29 chini ya sifuri, afunge koki, azime pampu, kisha msiguse kitu kwa nusu saa. Mshale ukirudi hata unywele, kuna tundu, na hakuna kujaza siku hiyo. Ukitulia, gesi ijazwe kwa mizani. Mifumo ya aina hii mara nyingi hula gramu 700 hadi 900, kisha presha ndizo zinazothibitisha: kwa hewa ya nyuzi 32 na injini kwenye mizunguko 1,500, upande wa chini psi 30 hadi 40, wa juu 200 hadi 250. Ukipita 300, simamisha, zidisheni upepo kwenye kondensa kabla ya kulaumu kingine. Kuzidisha gesi hupunguza baridi, kinyume cha wanavyodhani wengi. Na usitegemee kile kidirisha cha kioo juu ya draya; kilisema kweli zaidi wakati wa R12.

Ukifanya yote hayo, tegemea upepo wa nyuzi 10 hadi 12 gari likitembea, na wa juu zaidi kidogo likisimama. Gari jipya litakushinda, sitakudanganya. 504 ina vioo vikubwa na haina sponji nyingi darini. Funga kabisa valvu ya hita, maana maji ya moto yanayopita pale hupigana na AC yako saa zote, na Mombasa hita hutaihitaji. Ziba matundu ya ukuta wa injini palipopita nyaya. Badilisha raba za milango. Sponji ya kuzuia joto chini ya zulia na juu ya dari italeta tofauti ambayo gramu 100 za gesi haziwezi kuileta.

Matunzo ni machache lakini yana ratiba. Chumvi ya hewa ya bahari hula mapezi ya kondensa. Ukiona yamekuwa meupe kama unga na yanavunjika kwa kidole, imekwisha. Yaoshe kwa maji baridi ya bomba kila wiki mbili hivi, kwa mkono mwepesi, bila mashine ya presha inayoyalaza. Washa AC dakika kumi kila wiki hata wakati wa kusi na mvua, ili oili ifike kwenye sili ya mhimili wa kompresa. Sili ikikauka huvuja. Ukikaribia nyumbani zima AC uache feni ipulize, koili ikauke, usije ukapata ile harufu ya uvundo. Na bomba la kutolea maji lisizibe, la sivyo yatamwagikia miguuni.

Kazi za kuosha, kusikiliza na kukagua mikanda fanya mwenyewe. Kufungua mabomba, kujaza na kuchomelea muachie fundi mwenye pampu, geji, mizani na naitrojeni. Mwombe avionyeshe kabla ya kuacha ufunguo. Gesi ikikurukia jichoni hugandisha papo hapo, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Asiruhusiwe mtu kuchomelea bomba lenye gesi ndani, kwani ikikutana na moto hutoa hewa yenye sumu. Ukisikia harufu ya petroli ndani, au kompresa ikipiga kelele ya chuma, zima AC na usiiwashe mpaka ionwe.

Kwa Jumapili hizi kabla kazi haijaisha, mpitishe mama Dongo Kundu vioo wazi, asubuhi mapema. Petroli itazidi kidogo lakini gari halitasimama juani. Na mwambie daktari wake kuhusu safari hizo za joto, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, yeye ndiye atakayejua anywe maji kiasi gani njiani.